Magoli Yaliyopita Juu ya Vichwa Vyetu

Wasichana, mkifika kwangu hapa Bagira na glovu mpya mkononi, swali lenu la kwanza huwa ni lile lile: Maman Nsimire, tufanye nini mpira ukija juu? Mnaniuliza mimi kwa sababu nimefundisha magolikipa wa kike wa mji huu tangu mama zenu walipokuwa bado wanavaa soksi za shule. Sasa magoti yamegoma, nimebaki na mdomo. Nitawajibu, ila jibu langu lina aibu ndani yake, na nikiiondoa hiyo aibu mtabaki na jibu nusu. Mnivumilie.

Tuanze na glovu, maana hizo zenu nzuri zinanikumbusha za kwangu. Mimi nilianza na glovu za fundi wa kuchomelea vyuma, nilizoazima kwa baba mdogo. Zilikuwa kubwa kiasi kwamba mpira ukigonga, glovu inakwenda na mpira na mkono unabaki na mimi. Siku moja nilidaka vizuri sana, watu wakapiga makofi, nikaurusha mpira mbele kwa mwenzangu, na glovu ya kulia ikaufuata. Mwenzangu akasimama katikati ya vitu viwili, hajui apige kipi. Tangu hapo nikajifunza kufunga glovu na kamba ya raba kwenye kifundo cha mkono, na hilo mlifanye hata kama glovu zenu zina vifungo vya kisasa, kwa sababu vifungo vya kisasa havipendi matope yetu.

Halafu kuanguka. Kiwanja chetu mnakijua: udongo mwekundu, vijiwe, na upande mmoja unashuka kuelekea mashamba ya maharagi. Pale hauanguki kama wale mnaowaona kwenye televisheni, wanaoangukia majani laini. Tanguliza paja, kisha mbavu, bega lije mwisho. Kiwiko usikipeleke chini kabisa, kitakuachia kidonda cha kuoga nacho mpaka Noeli. Na ndani ya kaptula shona kipande cha sponji ya godoro kuukuu, kila upande. Watu watasema umenenepa. Waache waseme.

Aliyenifundisha mimi alikuwa tonton Ciza, mjomba wa heshima tu, golikipa wa zamani wa timu ya wafanyakazi wa kiwanda. Wakati huo msichana kucheza mpira hapa mjini Bukavu ilikuwa kama kuvaa suruali kanisani. Yeye hakujali. Aliniambia mikono ndiyo inayokuja mwisho, kazi inafanywa na miguu, na ili nimwelewe alinifunga mikono nyuma kwa kipande cha kitenge, akaanza kunipigia mipira. Ilinigonga tumboni, kifuani, puani. Nilirudi nyumbani uso umevimba, na papa, baba yangu, akauliza ni nani amenipiga, nikasema ni mazoezi. Lakini baada ya majuma machache nilijua kusimama. Nilijua kusogea mbele kufunga njia ya mpigaji, kurudi kwa hatua fupi fupi bila kuvuka miguu, na kuusoma mwili wa mtu kabla hajagusa mpira. Yote hayo ni ya Ciza, na ninyi mnayatumia bila kumjua.

Jambo moja tu sikuliona wakati huo. Tonton Ciza alikuwa mrefu. Alikuwa anagusa chuma cha juu cha goli akiwa amesimama, bila hata kuinua visigino, kama mtu anayeshika juu ya mlango wa nyumba yake. Kwake yeye mpira uliopita juu ya kichwa ulikuwa na maelezo ya aina moja: golikipa amechelewa. Hakuwa na maelezo mengine kwa sababu maishani mwake hakuyahitaji.

Mimi sifiki mita moja na sitini. Katika mechi ya mwisho ya mashindano ya parokia, mpira ulipigwa kutoka mbali, ukapanda, ukaanza kushuka taratibu. Nilirudi kama nilivyofundishwa. Niliruka mahali pake na kwa wakati wake, hilo naweza kuwaapia hata leo. Vidole vikahisi upepo wa mpira tu. Ukaingia chini ya chuma. Watu walicheka, na kucheka kule kulinifuata. Jumatatu yake sokoni muuzaji wa chumvi alinishushia pakiti kutoka kwenye rafu kabla sijaiomba, akasema anajua sitafika. Nyumbani ndugu zangu walikuwa wakinisogezea sahani ya mboga karibu, mmoja baada ya mwingine, kwa heshima ya uongo. Nikamwendea tonton Ciza nikitarajia neno la kunituliza. Akafikiri kidogo, akasema, “Ulichelewa, Nsimire.” Nikamwamini. Nikawa nalala na lile goli na kuamka nalo, na nilipoanza kufundisha wengine, nikawapa na wao.

Mbinu zimebadilika sana tangu wakati huo. Leo makocha wana koni za plastiki na mipira myepesi, wanawachezesha mbele na nyuma kwa kufuata filimbi, ni vizuri. Sisi tulikuwa tunafundishana kudaka kwa kurushiana malimau, maana limau ukilishika vibaya linakupasukia machoni. Nimewaona wakufunzi wakija na kuondoka, kila mmoja na maneno yake. Lakini mpira wa juu, wote walikuwa wanasema vile vile kama Ciza, na mimi niliongoza kwaya.

Ndipo akaja Sifa. Alikuwa anatoka Nyantende, nje ya mji, kwa miguu, viatu mkononi ili visichakae, na anavivaa akifika kiwanjani. Mfupi kama mimi, pengine kunishinda kwa ufupi, na miguu ya haraka kuliko yoyote niliyopata kuifundisha. Mipira ya chini alikuwa anaiokota kama mtu anayeokota nguo zake mwenyewe. Nilipomtazama nilijiona, na mnajua mtu akijiona ndani ya mtoto wa mwingine anakuwa mkali zaidi. Kila mpira ulipompita juu, nilimwambia, “Umechelewa.” Akawa anaitikia, “Ndiyo, maman,” na kurudi kwenye mstari.

Katika miaka hiyo kamati ya ligi yetu ya wasichana ilikuwa na bwana mmoja, profesa Prosper, anayefundisha chuo kikuu. Alitupenda kweli. Mvua au jua alikuja kutazama mechi zetu wakati wenzake wanaona ni mchezo wa kuchekesha. Siku moja aliitisha mkutano wa makocha na wachezaji katika ukumbi wa shule, akatoa wazo: tujaribu msimu mmoja na kiwanja kifupi na magoli madogo kwa wasichana. Alieleza vizuri. Kwenye voliboli, alisema, wavu wa wanawake uko chini kuliko wa wanaume na hakuna anayewatukana. Kwenye basketi mpira wao ni mdogo kidogo. Kwenye riadha vile vizuizi vya kuruka vimeshushwa. Kwa nini mpira wa miguu peke yake uwe na chuma kilichowekwa kwa kipimo cha mwanamume, halafu mwanamke asipokifika tuseme hajui?

Clarisse, nahodha wetu na mshambuliaji, alisimama kumpinga. Msichana yule huwa haongei kwa woga. Alikumbusha kwamba kwa miaka tulikuwa tunapewa kale kauwanja ka pembeni, na magoli ya watoto, na saa ya jua kali wakati wanaume wanapumzika. Tumepigania kile kiwanja kikubwa mpaka tukakipata. Leo tukikata kipande chake wenyewe, watasema wazi kwamba sisi ni watoto, na kiwanja watakirudisha. Akauliza tena nani atakayefungua vyuma kila Jumapili na kuvirudisha kabla ya mechi ya wanaume, wakati hata chaki ya mistari tunaomba shuleni. Ukumbi ukampigia makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu kila alilosema lilikuwa kweli.

Lakini nilikuwa nimekuja na neno langu. Nilikuwa nimeliandaa nikiosha vyombo, nikipanda kilima, nikisubiri basi. Neno lenyewe lilikuwa fupi: kiwanja mkiache, upana wa goli muuache, shusheni chuma cha juu tu. Wasichana wetu wanapanda milima hii na madumu ya maji mgongoni tangu wadogo, kukimbia hakujawahi kuwashinda. Kinachowashinda ni kile ambacho hakuna mazoezi yanayokiongeza, ni mifupa. Hilo ndilo nilitaka kusema, mimi golikipa, mbele ya watu wote.

Basi profesa, kwa nia njema, akasema maneno peke yake hayatoshi, tutazame kwa macho. Alikuwa amechora mstari wa chaki ukutani, urefu wa chuma cha goli kamili. Akaniita mbele. Aliwaambia watu kwamba huyu ndiye golikipa bora wa kike ambaye mji huu umekuwa naye, na akaniomba niinue mkono niguse mstari.

Nilikuwa nimevaa kitenge changu cha misa na viatu vya kisigino kidogo. Niliinua mkono. Mstari ulikuwa mbali juu ya vidole. Akaniomba niruke kidogo. Ningeweza kukataa, lakini mtu aliyekuheshimu mbele ya watu anakufunga, hauoni pa kutokea. Nikaruka. Mwanamke wa umri wangu, kitenge kimenibana magoti, nikapanda kiasi cha kiganja na kutua vibaya, na kitambaa cha kichwa kikaanguka. Watu walicheka. Hawakucheka kwa ubaya, nawaambieni ukweli, kilikuwa kile kicheko cha upole, anachochekewa bibi aliyelala kanisani. Kile cha upole ndicho kilichonimaliza. Profesa akaokota kitambaa changu, akanipa, akawaambia, “Munaona? Na huyu alikuwa wa kwanza kwa wote.” Kisha akanigeukia. “Maman Nsimire, wewe unasemaje?”

Neno langu lilikuwa pale mdomoni. Lakini nilikuwa nimesimama chini ya ule mstari kama kitu cha kuonyeshea wanafunzi, na nilihisi nikisema ‘ushusheni’ nitakuwa naomba nihurumiwe. Nikasema, “Sijui. Waulizeni wanaocheza leo.” Nikarudi kwenye kiti. Wazo likafa papo hapo, kwa sababu ikiwa hata yule aliyeletwa kama ushahidi hajui, nani atajua? Sifa alikuwa ameegemea ukuta wa nyuma pamoja na wasichana wengine. Alinitazama kwa muda, halafu akatazama sakafu.

Msimu ukaendelea na vyuma vyake. Tukapangiwa kucheza Kamituga. Ninyi mnaosema barabara imeharibika siku hizi, mngeiona wakati ule. Lori lilizama kwenye tope mara nyingi, tukawa tunashuka kulisukuma, tukafika wekundu kuanzia nywele. Huko ni mji wa wachimbaji dhahabu, siku ya mapumziko wote wako kiwanjani, na wanapenda mpira kwa kelele. Walitupokea vizuri, sitawasingizia. Ila timu yao ilikuwa na msichana mwenye mguu mzito, na yeye kwa mpira wake wa kwanza tu aligundua mahali ambapo Sifa hafiki. Aliupiga kutoka mbali, juu, ukashuka nyuma ya vidole vya Sifa. Baada ya muda akarudia. Lile lile.

Hapo mtu mmoja kati ya watazamaji akaenda kwenye nyumba iliyokuwa inajengwa karibu, akarudi na ngazi ya mafundi. Aliitembeza taratibu nyuma ya goli, akaiegemeza kwenye nguzo, akampigia Sifa saluti, akaondoka. Kiwanja chote kilivunjika mbavu kwa kicheko. Mwamuzi alicheka. Wachezaji wao walicheka. Clarisse wetu aliziba mdomo kwa jezi, lakini mabega yalikuwa yanatikisika. Na mimi, niliyekaa benchi, niliyajua hayo yote kutoka ndani, ningepaswa kuinuka niitoe ile ngazi kwa mikono yangu. Nilitazama viatu vyangu. Nilihisi kwamba ile ngazi imeletewa mimi, imechelewa tu miaka mingi njiani.

Mapumziko yalipofika Sifa alikuja, akachukua maji, hakunywa. Nilitaka kumwambia kitu cha kumsaidia. Kilichotoka ni kile kile kilichozoea njia.

“Umechelewa,” nikasema.

Alinitazama usoni. Hakuwa amewahi kunibishia tangu nimjue.

“Maman, sikuchelewa.”

Akarudi golini. Tulifungwa jingine la namna ile ile, tukapanda lori.

Njiani wasichana waliimba mwanzoni, kisha wakanyamaza mmoja mmoja. Sifa alikuwa amekaa karibu nami juu ya magunia. Tulipopita mahali ambapo barabara imetulia kidogo, akaniuliza kwa sauti ya chini, “Maman, ile siku mu salle ya mukutano, ulikuwa unataka kusema nini?”

Nikamwambia. Nilimwambia lote, la kiwanja kukiacha na chuma kukishusha.

“Sasa juu ya nini haukusema?”

“Nilisikia haya.”

“Haya ya nini?”

“Ya kutofika.”

Sifa akasema, bila hasira, “Mi pia niko nayo hiyo haya. Sasa tutaibeba wote wawili mpaka wapi?”

Juma lile nilikwenda kwa profesa Prosper nyumbani kwake. Nilimweleza neno langu, na nilimweleza pia jinsi nilivyojisikia chini ya ule mstari. Alikuwa anakunywa chai, akaacha kikombe. Aliniambia kwamba alipofika nyumbani siku ile mke wake alimuuliza kama angemfanyia mama yake vile, na tangu hapo alikuwa anashindwa kunitazama kiwanjani. Tukawa watu wawili wenye aibu mezani, na mkate katikati. Akasema kamati imekwisha kufunga jambo hilo, lakini mechi ya kirafiki hakuna anayeweza kuikataza.

Clarisse ndiye aliyekuwa mgumu. Alikubali mwishowe, tena mbele ya timu yote, akisema anakubali ili tuone wenyewe kwamba haifai. Nilimshukuru. Mpinzani anayekubali kujaribu ni afadhali kuliko rafiki anayekupigia makofi tu.

Vyuma vya goli hatukuweza kuvikata, si vyetu. Tulitafuta miti miwili mirefu ya mukaratusi, tukaifunga kwa waya chini ya chuma cha juu, mmoja kila goli. Nilitaka nafasi ya shubiri moja kati ya mti na chuma. Tukajaribu, mpira ukakwama pale pale kama kichwa cha mbuzi kwenye ua, ikabidi mtu apande kuutoa. Tukashusha zaidi, shubiri moja na nusu. Kwa hiyo msiseme Maman Nsimire alipima kitaalamu. Ilikuwa chini kuliko nilivyotaka, na Clarisse alilisema hilo mapema, na alikuwa na haki. Sheria tuliyompa mwamuzi ilikuwa hii: mpira ukipita chini ya mti ni goli, ukipita kati ya mti na chuma umetoka.

Tulicheza na timu ya wasichana wa katikati ya mji, hapa hapa Bagira, baada ya misa. Watu walijaa, wengi kwa kusikia kwamba kuna goli lenye vyuma viwili. Mpira wa kwanza wa hatari ulipigwa juu. Sifa akaruka, ukampita, ukaingia kwenye ile nafasi, wavu ukatikisika. Wale wa mjini wakakumbatiana. Mwamuzi akaonyesha kwamba umetoka. Kelele zikaanza, papa mmoja akaingia kiwanjani kumwonyesha mwamuzi wavu kwa kidole. Lakini tazameni jambo hili: walikuwa wanagombana kuhusu mpira na mti. Hakuna aliyekuwa anamtazama Sifa. Alisimama pale, akijifunga upya kamba ya glovu, kama mtu ambaye maneno hayamhusu.

Baadaye Clarisse alipiga shuti ambalo sijaliona tena mfano wake, kutoka kona ya boksi, likazunguka, likaenda juu kabisa. Likapita kwenye ile nafasi. Alimwendea mwamuzi akamwambia kwamba pale popote duniani ni goli. Ni kweli. Mti wangu ulimnyang'anya Clarisse goli la maisha yake, na sitaki kuwaficha hilo, kwa sababu siku mtakapojadili jambo hili ninyi wenyewe mtakutana na akina Clarisse, na hawana makosa.

Kipindi cha pili mpira mwingine ulikuja kwa Sifa, ule ule wa juu unaoshuka. Alirudi kwa hatua fupi, akasukuma ardhi kwa mguu mmoja, akaunyoosha mkono mmoja peke yake, maana mkono mmoja unafika mbali kuliko miwili, na hilo ndilo jibu la swali lenu, lishikeni. Vidole vyake vikaugusa. Ukabadilika njia, ukagonga mti, ukatoka. Alitua chini na hakuinuka mara moja. Nilidhani ameumia. Alikuwa anatazama mkono wake.

Dakika za mwisho tukafungwa. Mpira dhaifu, wa chini, unaoviringika, mtoto mdogo angeudaka. Ulipita katikati ya miguu yake. Sifa akapiga ardhi kwa ngumi, akainuka haraka, akauchukua wavuni na kuurusha katikati, anataka mchezo uendelee. Kipenga kikalia. Tumefungwa moja.

Nilimwendea nikitafuta neno la kusema, na lile la zamani nililimeza. Yeye ndiye aliyeanza. Uso wake ulikuwa na vumbi na machozi na kitu kama furaha.

“Maman, ile goli ya leo njo yangu. Nilifungua miguu. Ile zingine zote, za Kamituga, hazikukuwa zangu.”

Nilifikiria wasichana wote niliowarudisha nyumbani kwa miaka yote hiyo, kila mmoja na goli ambalo halikuwa lake, nikilifunga vizuri kama zawadi na kumwambia hili ni lako, umechelewa. Sikuwa nimewadanganya kwa makusudi. Lakini walilala nalo kama nilivyolala na la kwangu.

Kesho yake tulifungua miti, na nadhani iliishia jikoni kwa mtu. Ligi haikubadilisha kitu. Clarisse mpaka leo anafundisha, na mpaka leo anasema chuma kibaki pale kilipo, na tukikutana tunabishana mpaka chai inapoa. Mimi bado nasema kishuke kidogo, kwa kipimo cha kweli, si cha shubiri zangu. Pengine ninyi ndio mtakaoamua. Sifa aliendelea kucheza chini ya chuma kile kile miaka kadhaa. Mipira mingine ya juu ilimpita, na yeye alikuwa anaichukua wavuni akiwa ameinua uso, anawatazama watu. Hilo sikumfundisha mimi.

Majuzi nilikwenda Nyantende kwenye komunyo ya kwanza ya mtoto wa nyumba ya kina Sifa. Njiani, mbele ya meza ya nyanya, nikamwona Furaha. Ni golikipa wangu wa kwanza kabisa, wa kabla ya Sifa kuzaliwa. Ana mvi sasa, na binti mkubwa anayemsaidia kupanga nyanya. Tulisalimiana, tukaulizana habari za watoto. Nilitaka kuondoka, miguu ikakataa.

Nikamwambia, “Furaha, lile goli halikuwa lako. Chuma kilikuwa juu mno. Wewe uliruka kwa wakati wake.”

Sikutaja mechi, wala mwaka, wala timu. Hakuniuliza goli gani. Aliiweka chini nyanya aliyokuwa ameishika, akajifuta mikono kwenye kitenge kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Kisha akamwita binti yake aache kazi asogee.

“Kuja hapa, usikilize,” alimwambia. Halafu akanigeukia. “Maman, rudilia. Na yeye asikie.”

Nikarudia.